Kufungia gazeti ni hatua ya mwisho: namna ya kuusoma udhibiti wa vitabu na vyombo vya habari Afrika Mashariki

Julai 1977, riwaya ya Kiingereza ya Ngũgĩ wa Thiong'o, *Petals of Blood*, ilizinduliwa Nairobi na Mwai Kibaki, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha wa Kenya. Riwaya hiyo inawashambulia waziwazi matajiri wapya walioneemeka baada ya uhuru, lakini serikali haikuipiga marufuku. Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Oktoba, tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda*, ambayo Ngũgĩ aliiandika kwa Kigikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilianza kuoneshwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, katika ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Tarehe 16 Novemba kibali cha maonesho kikafutwa. Tarehe 31 Desemba mwandishi akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na hakutoka hadi Desemba ya mwaka uliofuata.

Ukiziweka kazi hizi mbili mezani na kuzilinganisha kwa maudhui peke yake, utapata shida kueleza kwa nini moja ilipewa sherehe na nyingine ikapelekea mtu kufungiwa gereza la Kamiti. Zote zinazungumzia unyang'anyi wa ardhi, unyonyaji wa wafanyakazi na unafiki wa wakubwa. Tofauti zilikuwa kwingine: lugha, mahali, hadhira, na zaidi ya yote chombo cha kisheria kilichokuwepo. Riwaya haikuhitaji kibali cha mtu yeyote kabla ya kuuzwa, ilhali mchezo wa jukwaani ulihitaji, na aliyekitoa kibali hicho alikuwa ofisa wa utawala wa wilaya ambaye angeweza kukiondoa kwa barua moja kwa hoja ya usalama. Mwaka 1980 maandishi ya tamthilia hiyohiyo yalichapishwa kama kitabu na kuuzwa madukani. Maneno yalikuwa yaleyale, ila sasa hayakuwa midomoni mwa wakulima na wafanyakazi wa viwandani wakiigiza mbele ya majirani zao.

Kwa hiyo anayeanza kuusoma udhibiti kwa kukusanya orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku na magazeti yaliyofungiwa anaanzia mwisho wa hadithi. Orodha ni rahisi kuipata na inavutia kuisoma, lakini inaonesha tu pale ambapo njia nyingine zote zilishindwa kufanya kazi kimyakimya. Swali lenye tija zaidi ni nani amepewa mamlaka ya kusema hapana, anayatumia katika hatua gani ya safari ya maandishi, na sheria inamtaka athibitishe nini kabla hajayatumia.

Hatua ni jambo la kwanza kulitenganisha. Ipo mamlaka inayofanya kazi kabla ya kazi kumfikia msomaji au mtazamaji: kibali cha filamu, leseni ya gazeti, masafa ya redio, idhini ya kitabu cha shule. Ipo pia inayokuja baada ya kazi kutoka: kesi ya kashfa, shitaka la uchochezi, amri ya kufungia, kukamata nakala madukani. Wanasheria wa haki za binadamu huiogopa zaidi ile ya kwanza, na wana sababu, kwa kuwa kinachozuiwa kabla hakiwahi kuonekana na umma hauwezi kupima kama uzuiaji ulikuwa wa haki. Hata hivyo si kila udhibiti wa kabla ni uonevu, wala si kila adhabu ya baada ni kandamizi. Masafa ya redio yana kikomo na lazima mtu ayagawe. Na eneo hili halina anasa ya kusema kwamba maneno hayaui: redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali mwaka 1993, na tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wake Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa jarida la *Kangura*. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini haikuufuta msingi kwamba mtu anaweza kuwajibika kwa mauaji ya kimbari aliyoyachochea kwa maikrofoni au kwa kalamu. Tatizo ni kwamba neno uchochezi, ambalo katika hukumu ile lina vigezo vizito vya kuthibitishwa, katika sheria za magazeti za nchi zetu limekuwa likitumika kwa kitu chepesi zaidi: kuwaudhi wenye mamlaka.

Wepesi huo una ukoo wake. Tanganyika ya Waingereza ilikuwa na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1928 iliyotaka kila gazeti liandikishwe. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa kosa la jinai la kashfa kutokana na makala yake katika *Sauti ya TANU* iliyowakosoa maofisa wa utawala wa wilaya. Alitiwa hatiani na kutakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au atumikie kifungo cha miezi 6. Faini ikalipwa. Mtu angetarajia kwamba kiongozi aliyeonja makali hayo angeing'oa sheria ile baada ya uhuru. Kilichotokea ni kinyume: marekebisho ya mwaka 1968 yalimpa Rais uwezo wa kulifungia gazeti, kisha Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ikaifuta ile ya kikoloni huku ikibakiza uandikishaji, uchochezi na kashfa kama jinai, na kumpa waziri rungu la kusimamisha uchapishaji. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kuangalia mfumo wa vyama, iliiweka sheria hiyo miongoni mwa sheria 40 kandamizi zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa. Vyama vingi vikaja mwaka 1992. Sheria ikaendelea kuishi hadi mwaka 2016.

Hapa msomaji wa nje ya Tanzania huchanganyikiwa, na hata wa ndani pia. Sheria ya mwaka 1976 na iliyoirithi ni za Tanzania Bara tu. Zanzibar ina sheria yake ya magazeti na vitabu, Namba 5 ya mwaka 1988, na ilikuwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, si ile ya Muungano, iliyolifungia gazeti la *Dira* mwaka 2003, wakati mhariri wake akiwa Ali Nabwa. Mtafiti anayeandika juu ya "sheria ya habari ya Tanzania" bila kusema ya upande gani ameshateleza kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ndicho kinachofaa kusomwa taratibu, kwa sababu kwa miaka 40 karibu kila amri maarufu ya kufungia gazeti ilipitia hapo. Kinasema, kwa ufupi, kwamba waziri akiwa na maoni kwamba ni kwa maslahi ya umma, au kwa maslahi ya amani na utulivu, anaweza kuagiza kwa tangazo katika Gazeti la Serikali kwamba gazeti fulani liache kuchapishwa. Uzito wote uko kwenye maoni. Sheria haikumtaka waziri aoneshe kwamba amani ilikuwa hatarini. Ilimtaka awe na maoni kwamba iko hatarini, na maoni ya mtu ni vigumu kuyakanusha mahakamani, kwa kuwa anayeyajua kwa hakika ni yeye mwenyewe.

Tazama jinsi kifungu hicho kilivyobeba mizigo isiyofanana hata kidogo. Julai 2012 *MwanaHalisi* lilifungiwa kwa muda usiojulikana baada ya kuandika kuhusu kutekwa na kuteswa kwa Dkt. Steven Ulimboka, aliyekuwa kiongozi wa mgomo wa madaktari. Septemba 2013 *Mwananchi* lilifungiwa siku 14 na *Mtanzania* siku 90. Miongoni mwa makosa ya *Mwananchi* ilikuwa kuchapisha mishahara mipya ya serikalini, habari ambayo mtumishi yeyote wa umma mwenye hamu ya kujua atalipwa kiasi gani aliisoma kwa makini bila kuandamana. Januari 2016 ikawa zamu ya *Mawio*. Tuhuma za utekaji, viwango vya mishahara, habari za uchaguzi: mambo matatu yenye hatari tofauti kabisa kwa umma, yote yakazibwa kwa kizibo kimoja.

Kisha likaja *Mseto*. Tarehe 10 Agosti 2016 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alilifungia gazeti hilo la kila wiki kwa miezi 36, la karatasi na la mtandaoni, kufuatia habari iliyomhusisha naibu waziri na tuhuma za rushwa. Wachapishaji hawakwenda Mahakama Kuu ya Dar es Salaam. Walikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, kwa hoja kwamba Tanzania ilipotia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijifunga kwa misingi ya utawala bora, demokrasia na uwajibikaji. Hukumu ilitoka tarehe 21 Juni 2018. Majaji walimuuliza waziri, kupitia mawakili wa serikali, swali ambalo kifungu cha 25 hakikuwahi kumuuliza: habari ile ilihatarisha vipi amani? Amri haikuwa na jibu ndani yake. Mahakama ikasema waziri alivunja Mkataba kwa kutoa amri ambayo malengo yake yalikuwa maoni yake tu, na ikaagiza ifutwe ili gazeti lirudi mitaani.

Katika kipimo ambacho mahakama za aina hiyo hutumia, mzuiaji lazima avuke vizingiti vitatu mfululizo. Kizuizi kiwe kimewekwa na sheria iliyoandikwa kwa uwazi wa kutosha ili mwandishi ajue mapema mstari uko wapi. Kiwe na lengo halali, kama usalama wa taifa au haki za watu wengine. Na kiwe cha lazima na kinacholingana na hatari yenyewe, maana yake kama kusahihisha habari au kulipa fidia kunatosha, kufungia gazeti zima miaka 3 ni kupita kiasi. Serikali nyingi huvuka kizingiti cha pili bila kutoka jasho, kwa kuwa kila mtu anaweza kutaja usalama. Huanguka kwenye cha kwanza na cha tatu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo iko Arusha, ilifuata njia hiyo tarehe 5 Desemba 2014 katika kesi ya mwandishi Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso, na kuamua kwamba kumfunga mtu gerezani kwa kosa la kashfa kulikiuka Mkataba wa Afrika. Nairobi, tarehe 6 Februari 2017, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa jinai, ikijiegemeza kwenye Katiba ya mwaka 2010.

Tanzania Bara nayo ilikuwa imeshabadili sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliifuta ile ya 1976, na hapa ndipo msomaji makini anapaswa kuangalia kilichohama badala ya kilichoondoka. Uandikishaji ambao zamani gazeti liliufanya mara moja ukawa leseni ya kuhuishwa kila mwaka, chini ya Mkurugenzi wa Idara ya Habari. Mwandishi akatakiwa awe na ithibati ya bodi. Waziri akabaki na uwezo wa kuzuia maudhui kwa hoja ya usalama wa taifa au wa umma. Leseni ni silaha ya kistaarabu kuliko amri ya kufungia: haihitaji kumtuhumu mtu kwa kitu kikubwa, inatosha kusema masharti yamekiukwa. Juni 2020 leseni ya *Tanzania Daima* ilifutwa kwa njia hiyo. Tarehe 28 Machi 2019 mahakama ileile ya Jumuiya, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania na wenzake, ilikuwa imeshatamka kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwemo vya kashfa ya jinai, uchochezi na mamlaka ya waziri, vinakwenda kinyume na Mkataba. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliiondoa kashfa kwenye jinai na kupunguza baadhi ya adhabu. Muundo wa leseni haukuguswa.

Na *Mseto*? Ikiwa amri ya mwaka 2016 ingeachwa iishe yenyewe, ingefika kikomo Agosti 2019. Gazeti lilishinda kesi Juni 2018. Leseni ilirudishwa tarehe 10 Februari 2022, pamoja na za *MwanaHalisi*, *Mawio* na *Tanzania Daima*, na aliyezirudisha alikuwa Nape Nnauye, waziri yuleyule, akiwa amerejea kwenye uwaziri wa habari baada ya kuondolewa mwaka 2017. Mshindi wa kesi alikaa nje kwa muda mrefu kuliko ambavyo angekaa kama angenyamaza na kutumikia adhabu yake. Kitabu cha sheria hakitakuambia hilo, wala hukumu yenyewe; unalipata tu ukizipanga tarehe kwenye mstari mmoja.

Fedha ni upande ambao wasomi wa fasihi hupenda kuuruka. Mwaka 2002 Bunge la Kenya lilibadili sheria ya vitabu na magazeti na kupandisha dhamana ambayo mchapishaji wa gazeti anapaswa kuiweka, kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi 1,000,000. Hakuna neno lililopigwa marufuku katika kifungu hicho, wala hakuna maoni ya kisiasa yaliyotajwa. Lakini vijarida vya mitaani, ambavyo ni kweli vingine viliandika uzushi na matusi matupu, vilitupwa nje ya sheria kwa mpigo mmoja pamoja na wachapishaji wadogo ambao hawakuwa na kosa ila umaskini. Na muuzaji wa mezani naye akawa anaweza kushtakiwa kwa kuuza chapisho ambalo mwenyewe hakutimiza masharti. Tanzania ilifanya kitu cha jinsi hiyo mtandaoni. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za Machi 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za kila mwaka, jumla shilingi milioni 2.1 kabla hajaandika sentensi ya kwanza, awe anaandika siasa au mapishi ya pilau. Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa kubwa kuliko yote ya majadiliano kwa Kiswahili, lilizima mitambo kwa muda, na wanablogu wengi wakafunga virago bila mtu kuwaamuru. Hawa hawamo kwenye orodha yoyote ya waliofungiwa. Upande wa pili wa sarafu ni matangazo: serikali ndiyo mtangazaji mkubwa, na inapokusanya matangazo yake yote chini ya ofisi moja, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2015 kwa kuunda Wakala wa Matangazo ya Serikali, anayeamua yaende gazeti gani ana uwezo ambao hauhitaji sheria ya uchochezi.

Vitabu vina lango lao, na lango hilo ni shule. Katika nchi ambazo wanunuzi wa riwaya kwa hiari ni wachache, kitabu kinachoingia kwenye orodha ya shule kina maisha, na kisichoingia hukaa kwenye boksi. Hili ni la zamani kuliko uhuru. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, ilikagua miswada na kutoa idhini kwa vitabu vya Kiswahili vilivyokusudiwa shuleni. Kilichokaguliwa kilikuwa lugha: je, ni Kiswahili sanifu? Lakini anayekagua lugha anakagua pia sauti gani zinaruhusiwa kuwa kitabu, na mshairi wa Lamu au Mombasa aliyeandika kwa lahaja yake, akiwa mrithi wa karne kadhaa za utenzi, alijikuta akisahihishwa na wageni waliojifunza lugha ukubwani. Siiti hiyo marufuku. Ninaiita udhibiti, kwa sababu ilipanga nani asomwe na watoto wa nchi nne bila kumkataza mtu yeyote kuandika. Leo ithibati ya lugha hutolewa Tanzania na BAKITA, baraza lililoundwa mwaka 1967, na vitabu vya kiada viko mikononi mwa Taasisi ya Elimu, ambayo huviandika na kuvichapisha yenyewe. Wachapishaji binafsi wamebaki kugombania ziada.

Lango hilohilo ndilo lililotumika Februari 2023, pale Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipotangaza kupiga marufuku vitabu 16 vya watoto mashuleni, vikiwemo vya mfululizo wa *Diary of a Wimpy Kid*, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili ya Kitanzania. Wazazi nao wakahimizwa wakague mabegi ya watoto wao. Mtu anaweza kukubaliana na waziri au kumkatalia, na mimi nadhani mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anasoma nini. Lakini swali la mtafiti ni la namna nyingine. Vitabu hivyo viliingiaje shuleni, nani alivisoma kwa niaba ya wizara kabla ya tangazo, vigezo vya maadili vimeandikwa wapi, na mchapishaji au mwalimu asiyeridhika anakata rufaa kwa nani? Palipo na majibu manne yaliyoandikwa, hapo kuna usimamizi. Yasipokuwepo, tumerudi kwenye maoni.

Sanaa za jukwaani, filamu na muziki ndiko maoni yanakojitokeza bila kujificha. Machi 2017 BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, iliupiga marufuku wimbo wa *Wapo* wa Nay wa Mitego na polisi wakamkamata msanii. Siku iliyofuata Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, aachiwe, upigwe redioni, na tena aongeze mistari ya kuwataja wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya. Watu walicheka na kushangilia. Kwa anayesoma taasisi, hata hivyo, tukio hilo ni la kuogofya kuliko marufuku yenyewe, kwa sababu baraza lenye sheria yake lilipinduliwa kwa ladha ya mtu mmoja, na ladha inaweza kubadilika. Kenya inatoa mfano wenye hatua zaidi. Bodi ya Filamu ilipoizuia *Rafiki* ya Wanuri Kahiu mwaka 2018, kwa kutumia sheria ya filamu na michezo ya jukwaani iliyopitishwa mwaka 1962, wiki mbili hivi kabla ya filamu hiyo kuoneshwa Cannes, hoja ilikuwa jinsi inavyosawiri mapenzi ya wasichana wawili. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliusimamisha uamuzi huo kwa siku 7 ili watu wazima waione na filamu itimize sharti la kuomba Oscar. Kumbi za Nairobi zikajaa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaukubali msimamo wa bodi. Bodi hiyohiyo ina madaraja ya umri, na moja ya madaraja hayo ni la watu wazima pekee. Chombo kilichopewa kazi ya kupanga madaraja kilichagua kuzuia kabisa.

Serikali si mtu mmoja, na hili hupotea kwa urahisi tunaposimulia. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa kijikaratasi kiitwacho *Kenya: Twendapi?* alichokiandika akiwa upande wa chama cha upinzani cha KPU. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kijikaratasi chepesi cha kusambazwa mkono kwa mkono kilionekana hatari. Diwani ya mashairi yenye vina na mizani, iliyochapishwa na kampuni kubwa na kupita mikononi mwa wahakiki, haikuonekana hivyo, ingawa uchungu ni uleule. Ni mgawanyo uleule wa Kamĩrĩĩthũ, safari hii ndani ya Kiswahili.

Sehemu ngumu kuliko zote ya somo hili ni kile ambacho mhariri hakukiandika. Kila chumba cha habari kina simu inayojulikana, na kila mhariri wa zamani ana habari aliyoiweka kwenye droo kwa sababu "haijaiva". Huwezi kuyahesabu mambo hayo, ila unaweza kuyazungukia. Chukua tukio moja lililoandikwa pande zote mbili za mpaka, weka magazeti ya Nairobi na ya Dar es Salaam ya juma hilohilo sambamba, uangalie nani kamtaja nani na nani ameishia kwenye "kigogo mmoja". Chukua toleo lililotangulia amri ya kufungia na matoleo ya magazeti shindani wiki tatu baada ya amri, upime ni mada zipi zimetoweka. Zungumza na wauza magazeti, kwa kuwa wao ndio wanaojua siku gani furushi halikufika. Amri za zamani zimo katika Gazeti la Serikali, zenye namba na saini, na hukumu za Kenya, Tanzania na mahakama za Arusha sasa zinasomeka bure mtandaoni. Hakuna sababu ya mwanafunzi wa leo kunukuu sheria kutoka kwenye taarifa ya mwanaharakati wakati kifungu chenyewe kiko mbofyo mmoja kutoka alipo.

Kwa upande wa mitandao kazi imebadilika, kwa kuwa tovuti ikizibwa mara nyingi hakuna tangazo lenye namba la kulitafuta maktaba. Badala yake wapo wanaopima mtandao, kama mradi wa OONI, ambao programu yake huwekwa kwenye simu ya kawaida na kurekodi ni tovuti gani haifunguki, kwa mtoa huduma gani na saa ngapi. Tarehe 20 Mei 2025, siku ambayo akaunti ya Jeshi la Polisi la Tanzania kwenye X ilidukuliwa na kurusha maudhui ya ngono na uzushi kuhusu Rais, mtandao huo uliacha kufunguka nchini. Maelezo ya Waziri Jerry Silaa, kwamba X inaruhusu ngono na hivyo inakiuka sheria na maadili, yalikuja siku kadhaa baadaye. X ilikuwa imetangaza rasmi kuruhusu maudhui hayo katikati ya mwaka 2024, na kwa karibu mwaka mzima uliofuata Watanzania waliendelea kuifungua bila kizuizi.